Kitenzi cha Kiingereza Hakitembei Peke Yake



Tunaomba nafasi katika kurasa hizi ili tuseme neno juu ya somo la Kiingereza. Neno lenyewe ni hili: masomoni tunajifunza vitenzi vya Kiingereza kama mtu anayehesabu mawe, moja moja, kila jiwe mahali pake. Lakini katika midomo ya watu wanaoisema lugha ile, vitenzi havikai hivyo. Vinatembea na wenzao. Mtu asiyejua wenzao hajajua kitenzi, hata akikariri kaye yake toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Hatuandiki ili kuwahukumu walimu. Tunajua kazi yao, tunajua na wingi wetu katika kalasi. Tunaandika kwa sababu tunapenda somo hili lituzalie matunda, na kwa sasa matunda ni machache kuliko jasho.

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja anakijua. Mara tunapoingia katika Kiingereza tunapewa orodha ya vitenzi vinavyogeuka ovyo: "go, went, gone", "take, took, taken", "give, gave, given". Tunaiimba pamoja mpaka sauti inafika kwa prefe. Ni kazi nzuri, hatusemi itupwe. Mtu asiyejua kwamba "go" ya jana ni "went" hawezi kueleza hata safari ya sokoni.

Lakini wimbo ukiisha, mwulize mwimbaji swali dogo: "Sema kwa Kiingereza: nimefanya kosa, nimefanya kazi ya nyumbani, nimepiga picha." Hapo wimbo unakatika. Anajua "took" na "taken" kama anavyojua jina lake, lakini hajui kama picha inapigwa, inafanywa ao inachukuliwa. Orodha ilimwonyesha sura tatu za kitenzi. Haikumwonyesha rafiki hata mmoja wa kitenzi kile.

Angalieni "make" na "do". Kwa Kifaransa tuna "faire", kwa Kiswahili tuna "kufanya". Kitenzi kimoja kinabeba mizigo yote: kufanya kazi, kufanya kosa, kufanya biashara, kufanya ahadi. Mwingereza amegawa mzigo ule kwa watu wawili. Anasema "do the work", lakini "make a mistake". Anasema "do business", lakini "make a promise". Kazi ya nyumbani ni "do homework", na kelele ni "make a noise".

Vitabu vingine vinatoa sheria. Vinasema "make" ni ya kitu ambacho hakikuwako na sasa kiko. Ukipika chai, chai haikuwako, sasa iko: "make tea". Mkipiga kelele, kelele haikuwako, sasa iko, na mkubwa wa kalasi anaandika majina: "make a noise". Lakini "do" ni ya kazi inayotendeka tu: kufua ni "do the washing", kupika ni "do the cooking".

Sheria ile inasaidia, tunaikubali. Lakini haifiki mwisho wa njia. Asubuhi, katika nyumba za kulala, tunatandika vitanda. Kitanda kilikuwako tangu jana, hakuna seremala aliyekuja usiku, na hata hivyo Mwingereza anasema "make the bed". Kutenda mema ni "do good". Ukisema "make good" umesema jambo lingine kabisa: kulipa hasara uliyoleta, ao kufaulu katika maisha. Basi mwenye kushika sheria peke yake atavuka mto nusu, halafu maji yatamchukua.

Hapa wengine watasema: "Eee wandugu, Kingereza hii ni matata! Juu ya nini hawana sheria kama watu wengine?"

Tujibu kwa kuuliza. Sisi wenyewe tuna sheria gani juu ya "kupiga"? Tunapiga ngoma, tunapiga nyoka. Sawa, mkono unaonekana. Lakini tunapiga magoti na hakuna anayeumia. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga miayo wakati wa somo la mwisho. Mgeni aliyeandika katika kaye yake kwamba "kupiga" ni "frapper" tu, atashangaa sana siku ya ibada, mchungaji akiomba watu wote wapige magoti. Atatafuta fimbo.

Na "kukata" je? Tunakata nyama, tunakata kiu, tunakata shauri, tunakata tamaa, tunakata tiketi. Na "kula"? Mtu anakula ugali, anakula kiapo, anakula sikukuu, na mwingine anakula rushwa. Kila mara "kula" ni kile kile, lakini mwenzake akibadilika, maana yote inabadilika.

Hakuna mama aliyetufundisha maneno haya kwa orodha. Tulisikia "kupiga magoti" ikiwa nzima, kama neno moja, na tukaiweka nzima katika kichwa. Hatukuuliza magoti yamekosa nini hata yapigwe. Kumbe njia tunayoitafuta kwa Kiingereza, tuliisha kuipita tangu utoto wetu! Ni ajabu kwamba tukiingia kalasini tunaiacha mlangoni, tunaanza kuhesabu mawe.

Tuongeze mfano mmoja ambao unatupendeza. Mtu akisikiliza kwa makini, kila lugha ina picha yake. Mfaransa anasema "prêter attention": anakopesha uangalifu wake. Mwingereza anasema "pay attention": anaulipa, kama mtu anayelipa deni. Na sisi tunatega sikio, kama mtu anayetega mtego. Kukopesha, kulipa, kutega: mwalimu mbele ya ubao anaomba jambo moja tu, lakini kila lugha imechagua kitenzi chake. Nani atakisia kwamba Kiingereza kinalipa? Hakuna. Inafaa kusikia na kushika.

Sasa tufike mahali panapouma zaidi. Sisi wanafunzi wa Kongo tunafika kwa Kiingereza tukipitia Kifaransa. Kifaransa kinatusaidia sana, kwa sababu maneno mengi yanafanana. Lakini kufanana kule kunatega mitego, na mitego mikubwa iko katika vitenzi.

Mtego wa kwanza ni mtihani. Kwa Kifaransa, "passer un examen" ni kuufanya mtihani tu; matokeo hayajulikani bado. Kwa Kiingereza, "pass an exam" ni kuufaulu. Kuufanya ni "take an exam", ao "sit an exam". Basi kijana aliyemaliza Mtihani wa Serikali, anayengoja bado matokeo, anaandika barua ya kuomba kazi ao nafasi ya masomo kwa watu wa Kiingereza: "I passed my exam". Yeye anafikiri amesema kwamba aliufanya. Wenye kusoma barua wanasikia kwamba alifaulu, na wanaomba diploma. Diploma haiko. Kesho yake wanamwita mwongo. Kijana hakusema uongo hata kidogo. Kitenzi kimoja tu kilitembea na rafiki ambaye si wake.

Mtego wa pili ni kuomba. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba ao kuuliza, ni neno la heshima. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai, tena kwa nguvu. Kuomba ni "ask for". Mtu akiandika "I demand your help", anadai msaada kama mwenye deni aliyekuja na mashahidi. Na sisi tunajua vizuri tofauti ya kuomba na kudai! Hakuna mtoto mwenye malezi anayemwambia mkubwa "nakudai unisaidie". Lakini kwa sababu ya neno lenye kufanana, mtoto mwenye malezi anageuka kuwa mtu wa matusi, na yeye mwenyewe hajui.

Mtego wa tatu ni mdogo, lakini unaonekana kila siku. Mfaransa ana njaa na ana miaka: "j'ai faim", "j'ai 17 ans". Kiswahili chetu kinasema vilevile: niko na njaa, niko na miaka 17. Lugha mbili zinakubaliana, basi mtu anaona ya tatu itakubali pia, anaandika "I have 17 years". Lakini Mwingereza hana miaka, yeye ni miaka: "I am 17". Wala hana njaa: "I am hungry". Hapa mashahidi wawili walikubaliana, na wote wawili walitupoteza.

Tunakuja sasa kwa maneno madogo, yale yanayofuata nyuma ya kitenzi: "up", "off", "on", "out", "for", "after". Wengi wanayaona kama makombo ya meza. Ni kosa kubwa. Makombo yale ndiyo chakula chenyewe.

Chukueni "look". "Look at" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza. "Look down on" ni kudharau. Mtu akiambiwa "look after the children", asipojua, atafasiri "tazama nyuma ya watoto", naye atasimama nyuma yao akitazama, na mtoto mmoja ataingia motoni. Chukueni "put". "Put on" ni kuvaa, "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia. Kuvaa, kuahirisha, kuzima, kuvumilia: kwetu ni vitenzi vinne visivyo ndugu, kwa Mwingereza ni kitenzi kimoja chenye wenzi wanne.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Si geni sana. Mwingereza anaweka neno dogo nyuma ya kitenzi. Sisi tunageuza mkia wa kitenzi chenyewe. Kwenda ni "go", kuendelea ni "go on". Kurudi ni "come back", kurudisha ni "give back". Kutazama ni "look at", kutazamia ni "look forward to". Sisi tunashona mkia ndani ya neno, yeye anaufunga nje kwa kamba. Mwenye kuelewa jambo hili ataacha kudharau vile vineno vidogo, kama vile hakuna anayedharau tofauti ya "kufunga" na "kufungua".

Hata mahali pa kuviweka pana kanuni, na hii inasaidia sana. Unaweza kusema "put on your shirt" ao "put your shirt on", vyote ni kuvaa shati lako. Lakini shati likigeuka kuwa "it", inafaa liingie katikati: "put it on". Ukisema "put on it", umesema "weka juu yake". Lakini kwa "look after" haiwezekani kuingia katikati: ni "look after him", hakuna "look him after". Kwa hiyo kuandika "look after = kutunza" ni mwanzo tu. Inafaa tuandike na mfano mzima.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Kiingereza kina "enter" na tena "go in", "continue" na tena "go on", "descend" na tena "go down"? Jibu liko katika historia. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, alivuka bahari na kuishinda Uingereza. Wakubwa wakawa watu wa Kifaransa. Kifaransa kikawa lugha ya nyumba ya mfalme na ya mahakama, na wakulima wakaendelea na Kiingereza chao. Mambo yalikaa hivyo miaka mingi. Mwaka 1362 tu ndipo sheria iliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza mahakamani. Kwa hiyo maneno mengi ya Kifaransa yaliingia na kubaki, na mara nyingi yalibaki na nguo za wakubwa: ni maneno ya vitabu, ya barua za ofisi, ya sheria. Maneno mafupi ya zamani, "go in", "go on", "go down", yalibaki jikoni, shambani na njiani.

Hapo tunaona sababu ya jambo ambalo wageni wanatuambia: "Ninyi Wakongomani mnasema Kiingereza kama kitabu." Kweli, sisi tunachukua kwanza yale yanayofanana na Kifaransa. Mtu anayeshuka katika basi anasema "I descend from the bus", na mwenye basi anasema "get off". Wa kwanza hakukosa sana, watu watamsikia. Lakini yule wa basi akimwambia "Get off here!", yeye atabaki ameketi mpaka mji unaofuata. Ndiyo hasara yenyewe: anasema na watu wanamsikia, lakini wao wakisema, yeye hasikii.

Kuna mtu mmoja aliyejaribu kupunguza shida hii. C. K. Ogden, Mwingereza, alitoa mwaka 1930 Kiingereza chake kidogo kilichoitwa "Basic English". Kilikuwa na maneno 850 tu, na kati yao vitenzi 18 tu! Hata Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, alikisifu mwaka 1943. Ogden aliondoa "enter" akaweka "go in", aliondoa "continue" akaweka "go on". Mwanafunzi mvivu akisikia vitenzi 18 ataruka kwa furaha. Lakini angoje kidogo. Vitenzi vile 18, kila kimoja kikishikana na wenzake, vinazaa maana nyingi sana, na kila maana inaomba kujifunzwa. Mzigo haukupungua, ulitolewa kichwani tu, ukawekwa mgongoni. Ogden alihesabu mawe, hakuhesabu namna yanavyojengwa.

Wengine waliona mbali zaidi, na inafaa tujue waliona wakiwa wapi. Harold Palmer na A. S. Hornby walikuwa Waingereza waliofundisha Kiingereza katika Japani, nchi ambayo lugha yake haina undugu na Kiingereza hata kidogo. Huko, katika kazi ya kuwafundisha wageni, jambo hili lilionekana wazi. Mwaka 1933 Palmer alitoa ripoti nzima juu ya maneno ya Kiingereza yanayotembea pamoja. Hornby alitengeneza dikisionere kwa ajili ya wanaojifunza. Ilitoka Japani mwaka 1942, na mwaka 1948 ilitolewa tena na Oxford. Dikisionere ile imeendelea kuchapwa mpaka leo, na inaonyesha si maana ya kitenzi tu, bali na namna kinavyokaa kati ya wenzake. Tunataja habari hizi ili tuone kwamba elimu hii ilikua katika kalasi za wanafunzi wageni kama sisi. Ni mali yetu pia.

Tunajua watu watatujibu. Tuwasikie mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema: "Kalasi inajaa, vitabu havitoshi. Orodha ni njia nyepesi, inaandikwa ubaoni mara moja." Ni kweli. Lakini kuandika "make a mistake" ubaoni kunaomba chaki zaidi kidogo tu kuliko kuandika "make". Hatuombi vitabu vipya ao mashine. Tunaomba maneno mawili matatu mahali pa moja.

Wa pili atasema: "Mtihani wa Serikali unatutaka tuchague jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Hauombi mtu aseme." Vizuri. Lakini mtu anayechagua kati ya "in", "on", "off" na "after" anachagua kwa nini? Kama hakusikia kamwe "look after" nzima, atachagua kwa kura. Na kura haina huruma.

Wa tatu atasema: "Tuko na Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza cha nini?" Ndugu, tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mmoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara anayevuka Kasindi anaingia Uganda, anayevuka Kasumbalesa anaingia Zambia, na pande zote mbili makaratasi ya serikali yanaandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kitamsaidia kununua na kuuza katika Uganda, na tunakipenda. Lakini karatasi ikimwambia "fill in this form" naye hajui kwamba ni kujaza, atamlipa mtu mwingine amjazie. Feza ile ingebaki mfukoni mwake kwa sababu ya neno moja dogo, "in".

Basi, tusiseme maneno tu. Tunaleta mashauri manne.

Kwanza, kaye zetu. Tuache kuandika "make = faire". Tuandike kikundi kizima na maana yake: "make a mistake = kufanya kosa"; "make the bed = kutandika kitanda". Na tufasiri kwa Kiswahili pia, si kwa Kifaransa tu, kwa sababu mara nyingine Kiswahili kinaonyesha tofauti ambayo Kifaransa kinaificha, kama vile kuomba na kudai.

Pili, vikundi viwili kila siku ya masomo. Kwa juma la siku tano ni 10. Kwa majuma 30 ni 300. Mtu mwenye vikundi 300 anavyovijua kweli, anavyoweza kuvisema bila kufikiri, anaweza kuishi kati ya watu wa Kiingereza bila kufa njaa.

Tatu, tunawaomba walimu wetu kwa heshima: katika maulizo mnayotupa, wekeni sehemu ya vikundi hivi, nazo ziwe na pointi. Tunajijua wenyewe. Kisicho na pointi hatukisomi. Na dikisionere iliyo katika biblioteke, tunaomba iwekwe mezani Jumamosi, mbele ya macho ya mwenye kuitunza, ili watu waitumie. Kitabu kilichofungiwa kabatini kinatunzwa vizuri na mende.

Nne, sisi kwa sisi: tusichekane. Mtu akisema "I have hunger", mwambie "I am hungry" na umpe kipande cha mkate kama unacho. Atakumbuka vyote viwili. Mtu anayechekwa hujifunza jambo moja tu, ndiyo kunyamaza, na lugha haikui katika mdomo uliofungwa.

Tumalize. Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kitenzi kimoja hakisemi kitu. "Take" peke yake ni kidole. "Take care", "take part", "take place", huo ni mkono. Tukiendelea kujifunza vidole, tutamaliza sekondari tukiwa na kaye zilizojaa na midomo mitupu. Tukijifunza mikono, hata michache, tutaweza kushika kitu.

Walimu na wanafunzi wenzetu ambao hawakubaliani nasi, waandike. Tunangoja majibu yao katika namba inayofuata.



Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano